Kwa Kujua

Ujumbe wenyewe mnaujua. Huanza kuzunguka siku mbili tatu kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, hutulia, kisha hurudi usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, safari hii umepambwa kwa picha ya fataki. Unasema kwamba kama kuna mahali nimekukosea, kwa kujua au kwa kutojua, naomba unisamehe, na mimi nimekusamehe. Mtu hubonyeza mara moja ukawafikia watu mia mbili na ushei: mwenye nyumba, fundi bomba, mtalaka wake, bosi wake na mtu aliyemuuzia godoro mwaka juzi.

Mimi ni Mkristo, lakini huo wa Ramadhani nao nilikuwa nautuma. Nimekulia Tabora, na Tabora hatungoji kuulizana dini ndipo tupeane mkono wa Idi. Mwaka 2019 niliutuma kwenye kundi la WhatsApp la watu tuliosoma pamoja shule ya msingi. Amina zikamiminika. Kisha akaandika mtu mmoja ambaye tangu aingizwe kwenye kundi lile hakuwahi kuandika lolote zaidi ya pole za misiba. Aliandika maneno mawili.

"Kwa kujua."

Watu wakacheka. Wakabandika vile vikatuni vinavyotokwa machozi ya kicheko. Mmoja akasema, "Leo umepatikana!" Mimi nilikuwa kwenye foleni ya mwendokasi pale Kimara, Dar es Salaam. Nikatia simu mfukoni. Basi likaja, likajaa, likaondoka, nami bado nimesimama palepale.

Mwaka 1994 nilikuwa karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mfanyabiashara mmoja mjini Tabora. Huyo aliyeandika maneno yale mawili alikuwa mtunza stoo wa hapohapo, na kazi alinitafutia yeye. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja chenye kitanda kimoja, tukipokezana wiki hii wewe kitandani, wiki ijayo mimi. Mwezi wa nane mifuko 40 ya saruji ikakosekana kwenye hesabu. Niliitoa mimi. Shemeji yangu alikuwa amepata kibarua cha ujenzi, akaniomba nimkopeshe hadi mwisho wa mwezi. Jioni moja nikaazima funguo za stoo, nikampakilia bila kuandika hati yoyote, nikijua nitasawazisha leja kabla mtu hajagundua. Mwisho wa mwezi ukafika, shemeji hakufika. Tajiri akaja na mkaguzi wake, wakahesabu, wakatuita wote wawili. Nikaulizwa siku ile funguo alikuwa nazo nani.

Nikasema, "Funguo zilikuwa kwake."

Alinigeukia, akangoja. Alijua kuna sentensi ya pili inakuja. Alipoona haiji akasema mwenyewe, "Jioni nilimwazima huyu." Tajiri akanitazama. Nikatikisa kichwa.

Kwa miaka mingi nilijipoza kwa hilo. Kinywa changu hakikutamka uongo hata neno moja. Funguo kweli ndizo zilizokuwa kazi yake. Mimi nilitikisa kichwa tu. Ukitaka kujua jinsi mtu anavyoweza kuishi na usaliti akala, akaoa, akasali, mtafutie kijineno kimoja cha kweli ndani ya ule uongo. Atakikalia kama kigoda.

Alilala kituo cha polisi siku mbili. Kesi haikwenda mahakamani kwa sababu familia ililipa. Mjomba wake aliuza ng'ombe, na mama yake akauza cherehani. Naijua cherehani ile. Ilikuwa ya miguu. Tukiwa watoto tulikuwa tunalala chini yake tukisubiri vipande vya kitambaa vidondoke tupate vya kufungia mpira wa makaratasi. Pedeli yake ilikuwa na mlio kama wa mtu anayekohoa kwa adabu. Iliuzwa siku ya Jumatano, nami niliona inavyobebwa kwenye mkokoteni.

Miezi mitatu baadaye shemeji akaja kulipa. Alilipa zote, taslimu, kwenye bahasha ya kaki. Na hapa ndipo penye kiini cha kosa langu, maana ya pale mbele ya tajiri waweza kuyaita woga wa kijana wa miaka 23, lakini ya bahasha hayana jina la upole. Fedha zile zilikuwa nauli ya treni hadi Dar es Salaam, godoro la inchi nne, na kodi ya miezi mitatu ya chumba cha Manzese. Maisha yangu ya mjini, haya ambayo ndugu zangu huwaonyesha watoto wao kama mfano, yameanzia kwenye cherehani ya mama wa rafiki yangu.

Tuna methali inayosema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali nzuri, ila tumeiacha mikononi mwa wasiostahili kuishika. Sikiliza vizuri utakaposikia ikitamkwa: mara nyingi anayeitamka ni yule aliyefanya. Mume aliyetelekeza watoto miaka kumi huwa nayo kinywani. Kaka aliyeuza shamba la yatima huwa nayo. Wanasiasa ndio usiseme. Tarehe 9 Machi 2018 Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipeana mkono kwenye ngazi za Harambee House, Nairobi, nchi ikapumua, na ilistahili kupumua. Lakini waliofiwa katika vurugu za uchaguzi wa mwaka uliotangulia hawakuwa kwenye ngazi zile, wala hakuna aliyewauliza kama yao yamepita. Ndwele ni ugonjwa, na wa kusema ugonjwa umekwisha ni mgonjwa. Aliyemvunja mwenzake mguu hana kibali cha kutangaza kwamba mguu umepona.

Methali iliyo karibu na ukweli ni ile nyingine, mtenda husahau, mtendwa hasahau. Nayo haijamaliza. Mtenda hasahau kama tunavyodhani. Anachofanya ni kupanga kumbukumbu upya, samani zikahamishwa, ile moja mbovu ikasukumwa pembeni na kufunikwa kitambaa. Mimi nilipokuwa nikisimulia maisha ya Tabora, rafiki huyu hakukosekana. Nilisimulia mpira, kitanda cha zamu, ugali wa usiku. Nilikuwa nikimtaja kwa mapenzi. Watoto wangu wanamjua. Ukiniuliza, huo nao ulikuwa usaliti wa pili: kuendelea kufaidi urafiki kwenye hadithi huku mwenye urafiki anaitwa mwizi kwao.

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo siku hizi tunayachanganya. Kuomba msamaha na kuomba radhi. Msamaha ni kusamehewa, kama vile mtu anavyosamehewa kodi au deni: mwenye kudai anaachilia, daftari linafungwa. Radhi ni jambo jingine. Radhi ni moyo wa mwenzako kuwa umeridhika. Unaweza kupewa msamaha kwa dakika moja na mtu aliyechoka kukuchukia, lakini radhi haitolewi kwa maneno ikiwa kitu kilichomfanya asiridhike bado kipo kilekile. Kanga bado imechanika, unaombaje mwenye kanga aridhike? Utaishona kwanza.

Wanazuoni wa Kiislamu walilipanga jambo hili vizuri kuliko sisi wengine. Kwenye mawaidha ya redio ya mwezi wa Ramadhani husikii mwaka ukapita bila kukumbushwa: toba ina masharti matatu, uache dhambi, ujute, uazimie kutoirudia, lakini dhambi ikigusa haki ya mja kuna sharti la nne, umrudishie mwenyewe haki yake au umtake radhi. Mungu husamehe yaliyo yake. Ya jirani yako humwachia jirani yako. Na kuna ile habari ya mtu aliyefilisika, ambayo kila sheikh huisimulia kwa namna yake: mtu anakuja Siku ya Kiyama na sala, funga na zaka, kumbe duniani alimtukana huyu, alimzulia yule, alikula mali ya mwingine, basi mema yake yanagawiwa kwa hao mpaka yanakwisha. Nilipoisikia mara ya kwanza nikiwa mtu mzima nilizima redio. Mke wangu akaniuliza kama betri zimekwisha.

Baadhi ya wanazuoni hao waliingia ndani zaidi, wakauliza: je, kama ulimsengenya mtu naye hakuwahi kujua? Uende ukamwambie, ukamtie jeraha ambalo hakuwa nalo? Hapana, wakasema. Muombee, kisha umtaje kwa wema mahali palepale ulipomtaja kwa ubaya. Palepale. Nimelizungusha neno hilo kichwani miaka hii kadhaa, na ndilo ninalotaka kulisema katika makala hii yote: radhi haina budi kwenda umbali uleule uliokwenda usaliti. Jina limeharibiwa mbele ya watu saba, lisafishwe mbele ya hao saba. Sisi tumezoea kinyume chake. Tunamchafua mtu sokoni, halafu tunamwomba radhi chumbani, mlango umefungwa, tena tunamsihi yaishie hapahapa.

Walimu wangu wa katekisimu hawakulisema kwa maneno hayo, lakini lilikuwamo kwenye hadithi walizotufundisha, sikuliona tu. Usiku mmoja wanaume wawili walimsaliti rafiki yao. Yuda alijuta. Watu husahau kwamba alijuta, tena sana. Alirudisha vipande 30 vya fedha, akakiri kwamba amemtoa mtu asiye na hatia. Lakini alikwenda kukiri kwa makuhani walewale waliomnunua, nao wakamjibu kwa maana ya shauri yako, sisi yatuhusu nini. Majuto yalikuwa ya kweli, mlango ndio haukuwa wenyewe. Petro naye alikana mara tatu, amesimama uani akiota moto wa makaa. Katika Injili ya Yohana, siku alipokutana tena na Yesu ufukweni, palikuwa na moto wa makaa, na aliulizwa mara tatu kama anampenda, mbele ya wenzake, mpaka akahuzunika. Harufu ya moshi ileile, hesabu ileile. Sidhani mwandishi aliweka moto pale kwa sababu ya samaki tu.

Naye Zakayo, yule mfupi wa juu ya mkuyu, hakuishia kwenye kama nimemkosea mtu. Alisema atarudisha mara nne.

Mataifa nayo yamejaribu, na kwa mambo makubwa mno kiasi kwamba naona haya kuyaweka karibu na mifuko 40 ya saruji. Naandika juu yake kwa sababu moja tu, kwamba hata huko swali lilikuwa ni radhi iende hadi wapi. Afrika Kusini, kwa sheria ya mwaka 1995, iliunda Tume ya Ukweli na Maridhiano chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu. Aliyetaka kinga ya kutoshtakiwa alipaswa kusema ukweli wote juu ya alichotenda kwa sababu za kisiasa. Kujuta hakukuwa sharti. Waliomba zaidi ya 7,000, wakapewa 849. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari, ilikwenda njia nyingine. Mahakama za Gacaca, zilizochukua jina lake kwenye nyasi ambazo wazee walikuwa wakikalia kuamua mashauri, zilianza kwa majaribio mwaka 2002, zikaenea nchi nzima mwaka 2005, zikafungwa Juni 2012 baada ya kesi karibu milioni mbili. Pale aliyetaka apunguziwe adhabu alipaswa kueleza alichofanya, kwa nani, akiwa na nani, maiti ziko wapi, na aombe radhi hadharani, mbele ya walionusurika. Waliokuwa wakisikiliza walikuwa majirani, watu waliobatiziana watoto na kuazimana ng'ombe.

Kuna waliokiri ili wapunguziwe miaka, bila kujuta chochote. Hilo limesemwa sana na ni kweli. Lakini mimi husimama kwenye kile kipengele cha maiti ziko wapi. Mtu anaweza kuigiza machozi. Hawezi kuigiza kaburi. Akionyesha pale penye mgomba, watu wakachimba, mama akapata mifupa ya mwanawe ya kuzika, basi kuna kitu kimerudishwa, moyo wa mwenye kuonyesha uwe safi au usiwe.

Ndiyo maana sinunui sana hizi radhi za video, mtu maarufu amevaa nguo nyeupe, analia, anamwomba radhi kila mtu. Huko umbali umepita kiasi. Walioumia ni watatu, walioombwa radhi ni milioni, na milioni ndio wanaobonyeza moyo mwekundu. Waliofanya kazi ya kuachana na ulevi kwa pamoja huko Marekani tangu miaka ya 1930, wale wa Alcoholics Anonymous, wana hatua ya tisa inayowataka wawatengenezee waliowaumiza, ila pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza zaidi wao au wengine. Kuna watu hukiri ili walale, na aliyekiriwa ndiye anayeanza kukesha. Nilijiuliza hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukubali, na najua nilikuwa nalitumia pia kama kisingizio. Lakini rafiki yangu alikuwa amekwisha kuniandikia maneno mawili mbele ya watu arobaini na kitu. Hakuwa mtu wa kuamshwa usingizini.

Khaled Hosseini ana riwaya, The Kite Runner, iliyotoka mwaka 2003, ambayo watu wengi huipenda. Mvulana wa Kabul anaficha saa na fedha chini ya godoro la rafiki yake, mtoto wa mtumishi, ili aonekane mwizi. Niliisoma kwenye basi la kwenda Mbeya na kufika Makambako sikuweza kuendelea. Mvulana huyo anakuja kurudi ukubwani, lakini rafiki ameshauawa, anabaki kumhangaikia mtoto wake. Ni mwisho wa heshima. Hata hivyo, kwangu ulikuwa na jambo la kutisha ambalo sidhani wasomaji wengine waliliona, nalo ni hesabu ya miaka. Mtu aliyechelewa anaweza kulipa, ila atampa mtu mwingine.

Basi mwezi wa sita mwaka uleule wa 2019 nikapanda basi hadi Tabora, kisha Urambo. Rafiki yangu sasa ni fundi baiskeli, karibu na stesheni. Nilimkuta chini ya mwembe, amepindua Phoenix nyeusi, inasimama kwa tandiko na usukani, gurudumu la nyuma liko juu. Hakuonyesha mshangao.

"Umefika," akasema.

"Nimefika."

"Shika hapo."

Nikashika fremu kwa mkono mmoja, na kidole cha mkono wa pili akanielekeza nikiweke karibu na ringi. Akazungusha gurudumu. Ringi lilikuwa limepinda, linacheza. "Likigusa kidole useme." Likazunguka, nikasema limegusa. Akalisimamisha, akatafuta spoki, akaikaza robo mzunguko, akalegeza ya upande wa pili, akazungusha tena. Limegusa. Tena. Limegusa. Nilikuwa nimeandaa hotuba kwenye basi, na nilikuwa nimeifanyia mazoezi hata sehemu ya kunyamaza. Yote ikaishia kwenye limegusa. Nusu saa nzima. Wateja wawili walikuja kujaza upepo wakaondoka.

Nikamwambia huku ringi linazunguka. Kwamba saruji niliitoa mimi, nikampa shemeji. Kwamba shemeji alilipa. Kwamba fedha nilizila.

"Najua," akasema. "Shemeji yako aliniambia mwenyewe. Tisini na saba, stendi ya Tabora. Alidhani nilipata mgawo wangu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningemwambia nani, bwana? Mtu anayezunguka akisema mimi siyo mwizi, huyo ndiye anayejulikana kuwa mwizi." Akaweka kifunguo cha spoki mdomoni, akazungusha gurudumu kwa kiganja. "Mimi na wewe yalikwisha usiku wa pili pale kituoni. Nilikuona nikikubeba sitalala. Nikakutua. Usidhani nimekaa hapa miaka yote nakusubiri wewe."

Nilijisikia nimesamehewa, na nadhani kwa muda wa kama pumzi mbili nilifurahi.

"Tatizo mama," akasema. "Amekufa elfu mbili na tano. Miaka kumi na moja, kila jioni akimaliza kusali, ananiombea niache wizi. Mimi nimekaa hapo kwenye mkeka. Amina, mama. Ningesema nini?"

Ringi likazunguka bila kugusa. Akalisikiliza zaidi ya kulitazama, akaridhika, akaanza kupaka cheni grisi.

Nilikuwa na bahasha. Nilipoitoa hakukasirika kama nilivyoogopa, wala hakunipiga mabega kama nilivyotumaini. Aliifungua, akahesabu mbele yangu kama anavyohesabu fedha za mteja yeyote, akatoa kiasi fulani, nyingine akanirudishia. Alichochukua, akasema, ni cha cherehani, na siyo chake. Ni cha dada yake, maana mama alikuwa ameahidi kumwachia. Ng'ombe ni wa mjomba. Akanipa jina la kijiji.

"Yeye ndiye alisema kwenye kikao cha ukoo nisikabidhiwe mali ya marehemu baba. Mbele ya watu wote. Yupo bado. Nenda kamwambie. Mimi siendi na wewe."

Nimewasimulia watu wachache habari hii na karibu wote husifu upole wa rafiki yangu. Mimi naona alikuwa mhasibu zaidi kuliko mpole. Alijua kila deni liko kwa nani. Kosa nililokuwa nimelibeba kama jambo la watu wawili, yeye alilifungua likatoka mama, dada, mjomba, kikao, mchumba ambaye kwao walikataa posa baada ya kusikia habari za stoo. Hapo ndipo nilipoelewa udhaifu wa ule ujumbe wa Ramadhani. Kosa la "kwa kujua au kwa kutojua" halina mjomba. Linaelea. Hakuna mtu unayeweza kupanda pikipiki ukamwendea.

Msomaji atauliza, na gazeti hili je? Kama radhi haipaswi kuvuka umbali wa kosa, mbona naitangaza kwa watu ambao hawakuwahi kusikia habari za stoo ile? Ni swali la haki. Nilimpelekea rafiki yangu makala hii kabla ya mhariri. Alifuta mambo mawili, akanionya nisilitaje jina lake, kisha akaandika kwamba habari ya kitanda cha zamu nimeisimulia vibaya, kwani wiki nyingi yeye ndiye aliyekuwa akilala chini. Sikuwa nakumbuka hivyo. Naiandika hapa kama alivyosema yeye. Malipo ya makala, ambayo si makubwa, yanakwenda kwa dada yake, naye hajaniambia kama anayataka.

Kijijini nilifika kwa bodaboda, mwendo wa saa nzima katikati ya mabani ya tumbaku, na njiani tulipishana na maroli yaliyosheheni marobota. Mjomba alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha kamba, kofia ya baraghashia imefifia rangi. Ana miaka themanini na kitu. Nikapiga goti kidogo, nikamwamkia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nani?"

Nikajitaja kwa jina la baba yangu. Akaweka mkono nyuma ya sikio. Nikajitaja tena. Kwenye ua wa jirani wanawake watatu walikuwa wakichambua maharage, na upande wa pili wa njia vijana wanatengeneza paa. Nikavuta kigoda karibu, nikainama, nikaanza kwa sauti ya mtu aliye kwenye kitubio.

"Sisikii, mwanangu. Masikio yamezeeka."

Nikapandisha sauti kidogo. Nikasema ile saruji ya mwaka 1994 haikuibwa na mpwa wake.

"Nani kaibiwa?"

"Hakuiba yeye!"

"Ee?"

Nikasimama. Sikujua kama ningesimama, miguu ndiyo iliyoamua. Nikapaza sauti jinsi ninavyoita gari upande wa pili wa barabara. "Saruji niliichukua mimi! Mpwa wako hakuiba! Nilimsingizia! Ng'ombe wako alilipa deni langu!"

Juu ya paa nyundo ikanyamaza. Wanawake wa maharage waliacha kuchambua, na mmoja wao, mzee kidogo kuliko wenzake, akaweka ungo chini akasema neno kwa Kinyamwezi ambalo wenziwe walilirudia. Nilikuwa nimelowa jasho kama niliyebeba ile mifuko upya.

Mjomba alinitazama kwa muda. Kisha akaonyesha kigoda nikae, akaagiza chai. Hatukuzungumza tena habari ile. Aliniuliza bei ya mchele Dar es Salaam, akaniuliza kama mama yangu bado anaumwa mgongo. Tulikuwa nusu ya kikombe aliposita, akageuza kichwa kidogo kuelekea nyuma ya nyumba, akamwambia mjukuu wake kwa sauti ya chini kabisa kwamba kuna kuku anadonoa mahindi kule uani, akamfukuze.